Nafsi, Mwili na Wenzetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Falsafa ya Kifeministi

Maswali haya huulizwa na wasomaji wa Dar es Salaam wanaokutana na falsafa ya kifeministi kwa mara ya kwanza: wanafunzi wa vyuo, walimu, wafanyakazi wa asasi za kiraia, na wazazi ambao watoto wao wamerudi nyumbani na hoja mpya. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Falsafa hii inahusu nini hasa?

Inahusu maswali ambayo falsafa imekuwa ikiyauliza tangu zamani, yaani mimi ni nani, mwili wangu ni nini kwangu, na wenzangu wana nafasi gani katika kunifanya niwe nilivyo, ila inayauliza kwa kuanzia katika maisha ya wanawake badala ya kuyaacha maisha hayo pembeni. Mahali pa kuanzia hubadilisha majibu. Mtu ambaye hajawahi kubeba mimba, kunyonyesha, kuuguza mzee wala kuogopa kutembea peke yake usiku anaweza kwa urahisi kudhani kwamba nafsi husimama yenyewe, na kwamba watu wengine huja baadaye kama nyongeza. Anayeyajua hayo hawezi kuishikilia dhana hiyo kwa muda mrefu.

Wengi wanaufahamu ufeministi kama madai ya haki, na madai hayo ni ya lazima. Hata hivyo, huwezi kudai haki ya mtu bila kuwa na wazo fulani kuhusu mtu ni nini, na hapa ndipo wazo hilo linapochunguzwa.

Wanafalsafa waliotangulia walikosea wapi?

René Descartes, katika tafakuri zake za mwaka 1641, alijitafuta kwa kuondoa kila kinachoweza kutiliwa shaka, akabaki na kitu kinachofikiri. Mwili ukawa kitu cha pili, kilichounganishwa na nafsi kwa namna ambayo hakuweza kuieleza vizuri. Miongoni mwa waliombana mapema na kwa uhodari kuhusu jambo hilo ni Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyemwandikia Mei 1643 akimuuliza nafsi isiyo na umbo inawezaje kuusukuma mwili wenye umbo. Waliendelea kuandikiana kwa miaka kadhaa, na katika barua hizo Elisabeth anataja maradhi yake, huzuni zake na masaibu ya familia yake, akiyachukua kuwa mambo yanayougusa uwezo wenyewe wa kufikiri. Kwa muda mrefu barua zake zilisomwa kama kiambatisho cha Descartes. Leo zinasomwa kama falsafa, na ndivyo zilivyostahili kusomwa tangu mwanzo.

Kosa la pili linaonekana kwa mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, ambaye mwaka 1642 alitutaka tuwafikirie watu kana kwamba wamechipuka ardhini kama uyoga, wakafikia utu uzima bila kufungamana na yeyote. Mwanafalsafa wa kifeministi Seyla Benhabib ameirejea picha hiyo ili kuonyesha ni nani aliyefutwa ndani yake: mama. Kila aliyewahi kuandika kitabu cha falsafa alilishwa, akaogeshwa na kufundishwa kusema, na waliofanya hivyo kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake ambao kitabu hakiwataji.

"Mtu hazaliwi mwanamke" ni usemi wenye maana gani? Kwani mwili si maumbile?

Mwanafalsafa Mfaransa Simone de Beauvoir aliandika mwaka 1949 kwamba mtu hazaliwi mwanamke, bali huwa mwanamke. Hakukana kwamba miili inatofautiana, na hoja ya kitabu chake inaanzia kwenye biolojia. Alichokana ni kwamba tofauti hizo peke yake zinatosha kueleza kwa nini nusu ya binadamu imepangiwa kuwa "Mwingine", yaani yule anayetambuliwa kwa kulinganishwa na mwanamume, ilhali mwanamume hajitambui kwa kulinganishwa na yeye. Kwa Beauvoir mwili ni hali tuliyomo: kwa huo tunaishika dunia, na maana yake inategemea pia dunia hiyo inatupokeaje.

Msomaji wa Pwani hana sababu ya kuliona wazo hili kuwa geni. Wazaramo, wenyeji wa eneo hili la Dar es Salaam, walikuwa na desturi ya kumweka ndani msichana aliyevunja ungo, akawa mwali, akafundwa na kungwi mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa nje. Jamii iliyoweka utaratibu mrefu kiasi hicho inajua fika kwamba kuvunja ungo hakutoshi; kuna jambo linalopaswa kutendwa, kufundishwa na kushuhudiwa na watu ndipo msichana ahesabiwe kuwa mwanamke. Anachoongeza Beauvoir ni swali la pili: anafundwa kwa faida ya nani? Katika unyago, na siku hizi katika kicheni pati, mna maarifa ya kweli ya mwili, mna furaha, mna mshikamano wa wanawake ambao hauna mfano kwingine, na mna pia mafunzo ya kuvumilia yasiyofaa kuvumiliwa. Kuyapembua hayo ni kazi ya fikra. Sikubaliani na wanaoyatupa yote kwa pamoja, wala na wanaoyatetea yote kwa kuwa ni mila.

Mwili unaingiaje katika suala la nafsi?

Mfaransa Maurice Merleau-Ponty alieleza mwaka 1945 kwamba siumiliki mwili wangu kama ninavyomiliki meza. Mwili ndio unaoniwezesha kuwa na meza, chumba na dunia, kwa kuwa kabla sijafikiri lolote mkono wangu umeshajua jinsi ya kufikia kikombe. Wanafeministi walilipokea wazo hilo kwa moyo mkunjufu, kisha wakamuuliza: ni mwili wa nani huo unaoifikia dunia kwa wepesi namna hiyo?

Jibu linalokumbukwa zaidi ni insha ya Mmarekani Iris Marion Young ya mwaka 1980 kuhusu namna wasichana wanavyorusha mpira. Daktari wa akili Erwin Straus alikuwa amebainisha kwamba msichana mdogo akirusha mpira hapindi kiwiliwili wala hasogezi miguu, bali anautumia mkono peke yake, akaliona jambo hilo kuwa la asili ya kike. Young alikataa. Msichana hujifunza kwamba mwili wake ni kitu cha kutazamwa na kulindwa, na mwenye kujifunza hivyo huanza tendo na kulizuia kwa wakati mmoja. Anayo nia ya kufika, lakini mwili haujiachii wote kwenda na nia hiyo, na nafasi iliyomzunguka huiona ndogo kuliko ilivyo.

Tazama ndani ya daladala ya kwenda Gongo la Mboto saa 12 jioni. Msichana aliyesimama ameuhamishia mkoba kifuani, mkono mmoja umekamata bomba la juu, mwingine umeshika sketi, magoti ameyabana, na dereva anapofunga breki anafikiria kwanza nani yuko nyuma yake, ndipo afikirie kuanguka. Kijana aliye karibu naye amesimama miguu imetanuka, na anapoyumba anayumba tu. Wamelipa nauli sawa. Safari wanayoifanya ni mbili tofauti, na tofauti hiyo haiishii pale wanaposhuka kituoni. Msichana hushuka nayo, akaenda nayo darasani, kwenye usaili wa kazi na kwenye mkutano wa mtaa.

Kuna pingamizi la haki. Mama anayepandisha kilima akiwa na ndoo ya maji ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni hana mwili unaojizuia hata kidogo. Uwiano wa shingo, mgongo na nyayo zake ni ustadi ambao wanaume wengi hawana. Young mwenyewe alisema anaeleza hali ya wanawake wa jamii za viwanda, na baadaye aliiangalia upya insha yake. Pamoja na hayo, pingamizi hili linatufikisha mbali zaidi. Mwili wa mama yuleyule anayebeba lita 20 bila kutetereka unaweza kusinyaa anapoketi mbele ya ofisa kudai kiwanja chake. Nguvu zake zinatambuliwa pale zinapowanufaisha wengine, na zinatiliwa shaka pale anapozitumia kwa ajili yake mwenyewe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fenomenolojia, yaani uchunguzi wa jinsi mambo yanavyoishiwa na mwenyewe, ya mwili wa mwanamke wa Kiafrika inapopaswa kuanzia, na bado haijaandikwa vya kutosha.

Sisi tumeshasema zamani kwamba mtu ni watu. Kuna jipya gani?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na linastahili jibu refu.

Ni kweli kwamba wazo la nafsi inayoundwa na mahusiano, ambalo falsafa ya Magharibi imelifikia kwa taabu, limekuwa la kawaida kwetu. Mkenya John Mbiti aliliweka mwaka 1969 katika maneno yanayonukuliwa kila mahali: mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, basi mimi nipo. Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliliendeleza mwaka 1984 kwa kusema kwamba utu haupatikani kwa kuzaliwa tu, bali mtu huufikia kwa kadiri anavyotimiza wajibu wake katika jamii. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba Menkiti amezidisha: mtu ana utu wake kamili hata kabla ya kuutimiza wajibu wowote, na ana uwezo wa kuihoji jamii iliyomlea.

Mwanafeministi anaingia katika mjadala huu akiwa na swali ambalo wazee hawa watatu hawakulipa nafasi kubwa: hao "watu" wanaomfanya mtu awe mtu wanafanya kazi gani, na kazi hiyo inamwangukia nani?

Nenda msibani, mahali ambapo usemi wa mtu ni watu unaonekana kwa macho. Chini ya turubai wanaume wameketi, daftari la michango linazunguka, wengine wamekwenda kuchimba kaburi, wengine wanacheza bao kusubiri muda. Ndani, juu ya mikeka, wanawake wamemzunguka mfiwa na wamemshika mikono. Nyuma ya nyumba wengine wanamenya vitunguu, wanachochea kuni chini ya masufuria makubwa na kuosha sahani kwa zamu, na hawa ndio walioamka mapema na ndio watakaoondoka mwisho. Kila mmoja hapo amechangia, na simdharau anayechimba kaburi. Lakini kaburi huchimbwa mara moja, na watu hula mara tatu kwa siku mpaka tanga linapoanuliwa. Udugu tunaojivunia una saa zake za kazi, una jasho lake, na kwa sehemu kubwa jasho hilo halina jina.

Sheria yetu imewahi kulitambua hilo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaitaka mahakama, wakati wa kugawa mali ya wanandoa, izingatie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Kwa muda majaji walitofautiana kama kupika, kufua na kulea ni "kazi" katika maana hiyo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba shughuli za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Hukumu hiyo husomwa na wanasheria kama hukumu ya mali, nami naiona pia kuwa kauli ya kifalsafa, kwa kuwa inakataa picha ya mwanamume aliyejijenga mwenyewe. Nyumba aliyoijenga ilijengwa na mtu aliyekuwa amekula, amefuliwa nguo na kulelewa watoto wake.

Kwa hiyo jipya lipo. Kusema mtu ni watu kunatueleza nafsi inatoka wapi, ila hakutuelezi gharama yake imelipwa na nani, wala kama aliyelipa alibakiziwa kitu cha kuwa nafsi yeye mwenyewe.

Kama nafsi inatokana na wengine, uhuru wa kujiamulia unabaki wapi?

Unabaki, ila unaeleweka upya. Wanafalsafa Catriona Mackenzie na Natalie Stoljar walihariri mwaka 2000 mkusanyiko wa makala uliolipa wazo hili sura yake ya sasa. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa kujiamulia ni stadi ambayo mtu huijenga akiwa na wengine: hujifunza kusema anachotaka kwa kusikilizwa, hujifunza kujiheshimu kwa kuheshimiwa, na hujifunza kupima mambo kwa kupewa nafasi ya kuyapima. Kinachojengwa na mahusiano chaweza pia kubomolewa na mahusiano. Mke anayeambiwa kila siku kwamba hajui kitu hatimaye huanza kuuliza ruhusa hata kwa mambo anayoyajua kuliko mumewe, na hapo hakuna aliyemfunga kamba.

Swali la kufaa kuuliza, basi, ni uhusiano gani unamrudishia mtu nafsi yake na upi unaila. Mama anayeweka hisa katika kikoba yumo katika uhusiano wenye masharti makali, wenye faini na wenye macho ya wenzake juu yake, na bado wengi hutoka humo wakiwa na sauti ambayo hawakuingia nayo.

Je, mwanamke anayevaa baibui kwa hiari, au aliyechagua kukaa nyumbani, amejinyima uhuru?

Jibu fupi ni kwamba huwezi kujua kwa kumtazama.

Jibu refu linatoka kwa Saba Mahmood, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Pakistan, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kilitokana na kukaa na wanawake wa darsa za misikitini mjini Kairo. Aliona kwamba wanawake wale hawakuwa wakifuata tu wala kupinga tu, walikuwa wakijitengeneza. Walijizoeza haya, subira na sala kwa kuuzoeza mwili kwanza, wakiamini kwamba tendo la nje linalorudiwa kwa nia huumba hali ya ndani. Mahmood aliwalaumu wanafeministi waliokuwa wakimtambua mwanamke kuwa na uwezo wa kutenda pale tu anapoasi. Naona lawama hiyo ni ya haki, na katika jiji lenye misikiti na makanisa kila mtaa haifai kuipuuza. Wakati huohuo, kuheshimu alichokichagua mtu hakutuzuii kuuliza angefanywa nini kama angechagua kingine. Mlango usiofunguka kwa ndani unabaki kuwa umefungwa, hata kama aliye ndani hajawahi kutaka kutoka.

Maadili ya utunzaji si njia ya kuwarudisha wanawake jikoni?

Maadili ya utunzaji ni fikra inayoyaweka mahusiano na kuwahudumia wengine katikati ya maadili, kwa hiyo hofu hii inaeleweka. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Carol Gilligan alionyesha kwamba ngazi za ukuaji wa kimaadili zilizowekwa na Lawrence Kohlberg zilitokana na utafiti wa wavulana, na kwamba wasichana walionekana kuwa nyuma kwa sababu walifikiri kwa lugha ya uhusiano na wajibu zaidi kuliko lugha ya kanuni. Mtoto wa miaka 11 aliyemwita Amy, alipoulizwa kama mume aibe dawa ili kumwokoa mkewe, alijibu kwamba watu hao wakae wazungumze, kwa kuwa mume akifungwa nani atamtunza mgonjwa? Kwa kipimo cha Kohlberg jibu hilo lilipata alama ndogo. Mwenye kuuguza anaona papo hapo kwamba ni jibu la mtu mzima.

Wengine walihofu kwamba kusifia utunzaji kungewafunga wanawake humo humo. Mwanafalsafa Eva Feder Kittay alilitafutia suala hili msingi imara zaidi mwaka 1999, akiandika pia kama mama wa binti mwenye ulemavu mkubwa wa akili. Hoja yake ni kwamba utegemezi haukwepeki: kila mtu ameanza maisha akiwa mtegemezi kabisa, na wengi watayamaliza hivyo. Anayemtunza mtegemezi naye anakuwa mtegemezi wa pili, kwa kuwa muda na nguvu zake zimekwenda kwa mwingine, na jamii yenye haki inapaswa kumtunza huyo mtunzaji.

Kittay aliupata mfano wake kwa mwanamke anayemhudumia mama aliyejifungua ili mama huyo aweze kumhudumia mtoto. Sisi tunao utaratibu huo. Mwanamke akijifungua, mama yake au mwanamke mwingine aliyebobea huja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga na kuhakikisha halali njaa, mpaka arobaini itimie. Swali analotuachia Kittay ni kwa nini huduma hiyo iishie siku ya arobaini, na kwa nini anayemuuguza mzee aliyepooza kwa miaka mingi, katika chumba kimoja cha kupanga, hana wa kumkanda. Utunzaji utawarudisha wanawake jikoni pale tu tutakapoendelea kuuona kuwa wema wa mwanamke mmoja mmoja badala ya wajibu wa wote, wanaume na serikali wakiwemo.

Ukatili unaifanya nini nafsi?

Susan Brison, mwanafalsafa wa Marekani, alishambuliwa mwaka 1990 akiwa matembezini mchana huko Ufaransa. Alibakwa, akakabwa koo na kuachwa akidhaniwa amekufa. Kitabu alichokitoa mwaka 2002 ni miongoni mwa vichache vya falsafa ninavyoweza kumpa mtu yeyote bila utangulizi. Anaeleza jinsi nafsi aliyokuwa akiifundisha darasani ilivyovunjika: mwili wake ulikumbuka yale ambayo akili haikuyaita, hadithi ya maisha yake ikakatika katikati, na dunia ikakoma kuwa mahali pa kuaminika. Anaeleza pia kwamba nafsi iliyovunjwa na mtu huunganishwa kwa msaada wa watu. Kusimulia hakutoshi, lazima awepo anayesikiliza na kuamini. Ndiyo maana maneno ya "ulikuwa unafuata nini kule?" hayawezi kuchukuliwa kuwa ukosefu wa adabu tu, kwa sababu yanamnyima mtu kifaa cha kujijenga upya. Askari wa dawati la jinsia, muuguzi au shangazi anayepokea taarifa ya kwanza ana sehemu ya nafsi ya mtu mikononi mwake.

Mwitalia Adriana Cavarero anakamilisha hoja hii kwa kisa cha wanawake wawili wa Milano, Emilia na Amalia, waliokutana katika masomo ya watu wazima. Emilia alitaka sana kuyaeleza maisha yake lakini hakuweza kuyapanga. Amalia aliyekuwa akimsikiliza akayaandika na kumpa, naye Emilia akawa anaibeba karatasi hiyo katika mkoba na kuisoma mara kwa mara. Alichokipata hakikuwa habari mpya. Alipata kuona kwamba maisha yake yana umbo, na kwamba kuna mtu aliyeliona.

Je, jinsia ni maigizo tu?

Hapana, ingawa mwanafalsafa Judith Butler hudhaniwa kusema hivyo. Mwaka 1990 alisema jinsia huundwa kwa matendo yanayorudiwa chini ya kanuni ambazo hakuna aliyezichagua na ambazo huwaadhibu wanaozikiuka. Anayeigiza jukwaani huvua nguo za maigizo akaenda nyumbani. Hapa hakuna pa kuvulia. Maandishi yake ya miaka ya 2000 kuhusu maombolezo yanahusiana zaidi na ukurasa huu: tunapofiwa hatumpotezi fulani tu, bali pia hatujui sisi wenyewe ni nani bila yeye.

Haya si mawazo ya Kizungu?

Baadhi ni ya Ulaya na Marekani, na nimeyataja kwa wenyewe. Mkosoaji hodari wa kuyahamisha bila kupima ni Mnigeria Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, aliyesema mwaka 1997 kwamba Magharibi imezoea kuupanga ulimwengu kwa kuangalia miili, ilhali jamii ya Wayoruba kabla ya ukoloni ilijipanga zaidi kwa umri na ukubwa. Hata hapa kwetu shikamoo humfuata mkubwa, awe wa kiume au wa kike, na shangazi ana mamlaka ambayo mdogo wake wa kiume hathubutu kuyagusa. Wapo waliomjibu kwamba ukubwa na jinsia huenda pamoja, na mimi naelekea upande huo: ukubwa wa shangazi hauzuii kaka zake kugawana shamba la baba yao bila kumwita.

Upande wetu una maandishi na matendo yake. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa wosia ambao hadi leo unasomwa na wengine kama mafunzo ya utii na wengine kama sauti ya mama anayemwachia binti njia ya kuishi. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU mwaka 1955, alipitia vikundi vya ngoma ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na kuaminiana. Alikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mwanasiasa, na wanawake waliomfuata walikuwa wameshazoea kuitikia pamoja. Kwa anayetaka kuona nafsi ya kisiasa ikijengwa na mahusiano ya wanawake, mfano bora zaidi uko Kariakoo na Ilala.

Wanaume wana nafasi gani?

Wana mwili, walilelewa, watazeeka na watauguzwa. Falsafa hii inawahusu kwa hayo yote. Mfumo dume humfundisha mwanamume kwamba kumhitaji mtu ni aibu, na gharama ya fundisho hilo huonekana anapougua au anapostaafu.

Falsafa hii inasemaje kuhusu dada wa kazi?

Hapa ndipo wanawake wasomi wa jiji hili, nami nikiwemo, tunapopaswa kuwa wakweli. Wengi wetu tunapata nafasi ya kusoma, kuandika na kuhudhuria mijadala kwa sababu msichana kutoka mkoani yuko nyumbani na mtoto wetu. María Lugones, mzaliwa wa Argentina, aliandika mwaka 1987 jinsi alivyokulia katika mazingira ambamo kuwatumia watumishi, kana kwamba nguvu zao ni zako, kulikuwa jambo la kawaida, na jinsi alivyofundishwa kumpenda mama yake kwa mtindo huohuo. Alikiita hicho kuona kwa kiburi. Dawa aliyoipendekeza ni kuingia katika dunia ya mwenzako kwa upendo na kujiona jinsi unavyoonekana kutoka huko.

Tukiingia katika dunia ya dada tutakuta mambo ya wazi. Tunamwambia yeye ni mtoto wa nyumbani, lakini hana siku ya kupumzika, simu yake inachunguzwa, na anakula baada ya wote. Tunatumia lugha ya undugu pale inapotuokolea mshahara, na lugha ya ajira pale inapotuokolea wajibu. Amri za mishahara zinawataja wafanyakazi wa majumbani, kwa hiyo mkataba, mshahara uliotajwa na siku ya mapumziko si hisani. Juu ya hayo kuna jambo ambalo sheria haiwezi kuliamuru: kumuuliza anataka kuwa nani, na kulichukua jibu lake kwa uzito uleule tunaoutaka kwa majibu yetu.

Nianzie wapi kusoma?

Anza na insha ya Young kuhusu kurusha mpira, kwa kuwa ni fupi na unaweza kuipima kwa mwili wako mwenyewe, kisha Brison. Kwa upande wa Afrika mweke Oyěwùmí karibu na Mbiti, uwasome wakibishana. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, kwa miaka mingi umekuwa na semina za wazi za Jumatano katika viwanja vyake vya Mabibo, ambako mijadala hufanyika kwa Kiswahili na mama lishe huzungumza sawa na mhadhiri. Butler mwache mpaka umeshamsoma Beauvoir, kwa kuwa sehemu ya hoja zake amezijenga juu ya Beauvoir, na bila msingi huo sentensi zake ndefu zitakuchosha kabla hujafika kwenye hoja.